Mama, usitupe jeshi la baba: lipange

SEHEMU YA 1

Mada ya umanjano wa watoto wachanga tumeimaliza, asanteni kwa maswali mazuri. Leo nageukia midoli ya wanaume. Msicheke kwanza.

Dada mmoja aliyeko huku huku Uingereza kaniandikia inboksi. Mume wake kanunua mtandaoni boksi la vijisanamu vya zamani, vya chuma, zaidi ya mia: majitu ya kijani, vibwengo vyenye pua ndefu, mifupa iliyoshika mapanga, farasi. Vingine vina rangi inayobanduka, vingine vitupu kabisa. Shemeji kavimwaga kwenye meza ya kulia chakula anavichambua. Mtoto wao ana miezi kumi na tano. Dada anauliza mambo mawili: je, hivi si vitu vya kishirikina? Na je, akivitupa siku mume yuko kazini, atakuwa amefanya vibaya?

Jibu langu fupi: vya kishirikina sivyo, na usivitupe. Ila leo hii hii, kabla hujalala, vitoke kwenye meza ya chakula. Jibu refu litachukua sehemu kadhaa, kwa hiyo anayenyonyesha aendelee kunyonyesha huku anasoma.

Kwanza tujue ni nini, maana wengi mnaviona tu vimesimama kabatini kwa majirani. Kuna mchezo unaitwa Warhammer. Ulitoka mwaka 1983, umeandikwa na Bryan Ansell, Richard Halliwell na Rick Priestley, na ulitoka ili watu wawe na kazi ya kufanyia vijisanamu vya kampuni ya Citadel Miniatures, iliyoanzia Newark, mji mdogo wa Nottinghamshire. Watu wawili wanakaa mezani, kila mmoja na jeshi lake, wanapima hatua kwa futi na kurusha dadu kuamua nani kapigwa. Ukishaelewa bao, hutashangaa: kete ni nyingi zaidi na kitabu cha sheria ni kinene, basi. Tofauti kubwa ni kwamba hizi kete hununui zikiwa tayari. Unanunua chuma kitupu, unaunganisha, unapaka rangi mwenyewe, mmoja mmoja. Kwa hiyo ukimwona mtu ana jeshi lililopangwa mezani, jua kuna miezi ya kazi pale, pengine miaka.

Toleo la tatu la mchezo huo lilitoka 1987, na 1988 kikaja kitabu cha Warhammer Armies, chenye orodha za majeshi: kila askari ana pointi zake, unajumlisha mpaka ufike kiwango mlichokubaliana. Baadaye yakaja matoleo mengine, mwaka 2015 kampuni ikauacha ulimwengu ule wa zamani, na 2024 ikaurudisha kwa jina la The Old World. Lakini kuna watu wazima, wengi wao waliokuwa watoto miaka ile ya 1980, ambao hawataki matoleo mapya. Wanatafuta vijisanamu vilevile vya zamani na kuvipaka rangi zilezile za zamani, nyekundu kali, njano kali, na chini pa kusimamia pawe kijani kama uwanja wa mpira. Huo mtindo wanauita Oldhammer. Shemeji yetu kaingia humo.

Na ushirikina? Jamani. Bibi zetu walitusimulia zimwi anayemeza kijiji kizima, na hakuna aliyesema bibi anaabudu mazimwi. Hivi ni viumbe vya hadithi za Ulaya, vingi vimepitia kwenye vitabu vya J.R.R. Tolkien. Kama imani ya nyumba yenu hairuhusu sanamu, hilo ni lenu na mnalijua kuliko mimi, ongeeni. Ila msiogope kwamba kibwengo cha sentimita tatu kitamletea mtoto ndoto mbaya. Kinachoweza kumdhuru kimo ndani ya chuma chenyewe.

SEHEMU YA 2

Chuma hicho ni risasi. Sisemi ya bunduki, nasema yale madini mazito, laini, ya kijivu, yaliyomo kwenye betri za gari. Wasomaji wangu wa Mombasa hamhitaji maelezo marefu. Mnakumbuka Owino Uhuru na kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, na kesi iliyofika mahakamani kwa sababu ya risasi iliyoingia kwenye miili ya watu na watoto wao. Ni madini yaleyale. Kiasi ni kidogo sana ukilinganisha na moshi wa kiwanda, lakini ni yaleyale.

Vijisanamu vya chuma vya miaka ya 1980 hadi katikati ya 1990 vingi vilimiminwa kwa mchanganyiko wenye risasi, kwa sababu inayeyuka kirahisi na inashika umbo vizuri. Ndiyo maana nyuso za vibwengo vile zinacheka mpaka meno yanaonekana. Baadaye watengenezaji wakubwa wakahamia mchanganyiko usio na risasi. Utavijuaje? Cha risasi ni kizito kuliko unavyotegemea, kinapinda kirahisi, na ukikichora kwenye karatasi nyeupe kinaacha alama ya kijivu kama penseli. Lakini hiyo si kipimo cha maabara. Na usidanganywe na mwaka uliochorwa kwenye kipande cha chini ya miguu, huo ni mwaka wa hakimiliki ya umbo, haukwambii chuma kilimiminwa lini. Kanuni yangu: cha chuma na cha zamani, kihesabu kuwa cha risasi. Na hata kipya cha chuma, soma boksi au muulize muuzaji, usikisie.

Sasa upande wangu wa kazi. Nina diploma ya uuguzi, mimi si daktari, lakini hili halihitaji udaktari. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo akimeza risasi, mwili wake unafyonza mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima aliyemeza kiasi kilekile. Na mwenye upungufu wa madini chuma anafyonza zaidi tena. Inaingia kwenye ubongo unaojengwa. Inapunguza uwezo wa kujifunza na kutulia, na kilichoharibika hakirudi. Mbaya zaidi, mara nyingi huoni dalili yoyote. Ukiziona ni zile za kila siku: tumbo linauma, choo kigumu, hamu ya kula imepungua, mtoto amekuwa msumbufu, amepauka. Mama gani atasema hii ni risasi?

Mjamzito naye asikilize. Mwili unaidhania risasi kuwa kalsiamu na kuificha kwenye mifupa. Ukipata mimba, mifupa inatoa kalsiamu kwa ajili ya mtoto, na risasi inatoka nayo, inavuka kondo la nyuma. Kwa hiyo mwenye mimba hachongi, hasuguiwi chuma hicho karibu yake, na hafagii vumbi lake.

Lakini tuwe wakweli kuhusu njia. Risasi ya kijisanamu haipai hewani yenyewe kuja kumtafuta mtoto. Kukitazama hakudhuru, na kukigusa mara moja ukanawa hakudhuru. Inaingia zaidi kwa mdomo. Inaingia kama vumbi pale baba anapokwangua kwa tupa au kisu, na kwa vidole visivyonawa vinavyoshika mkate. Inaingia kwa brashi iliyolambwa ili ncha iwe kali, tabia ambayo wachezaji wengi wanayo na wanaitetea: "Tumelamba tangu utoto na hatujafa." Mashemeji zangu, hatuzungumzii kufa. Na inaingia kwa mtoto kukitia mdomoni au kukimeza.

Hilo la kumeza ni dharura, silitanii. Mwaka 2006 huko Minnesota, Marekani, mtoto wa miaka 4 alifariki baada ya kumeza kidude cha kuning'inia kwenye bangili kilichokuwa karibu risasi tupu. Asidi ya tumbo iliiyeyusha. Kwa hiyo mtoto akimeza kipande, hata upanga tu au ngao, usimtapishe na usikae kusubiri kitoke kwenye nepi. Mpeleke idara ya dharura, sema neno "risasi" mapokezi kabisa, na beba kijisanamu kinachofanana nacho. Kwenye eksirei kitaonekana cheupe pe.

SEHEMU YA 3

Baada ya sehemu ya 2, inboksi imejaa. Nusu yenu mmeandika "natupa leo." Hapa ndipo mimi na nyinyi tunaachana.

Sikilizeni hoja yangu yote kabla ya kunipinga. Hatari kubwa ndani ya nyumba haiko kwenye jeshi lililokamilika. Iko kwenye lundo. Wachezaji wenyewe wana jina la utani kwa lundo lao la vijisanamu visivyopakwa, wanaliita mlima wa risasi, na wanalitaja huku wanacheka. Mtu ananunua kwa tamaa, mfuko juu ya mfuko, anaahidi atapaka mwakani. Vinakaa kwenye mifuko chini ya kitanda, kwenye droo ya soksi, kwenye boksi la viatu. Ni chuma kitupu, hakina rangi, hakihesabiki. Kimoja kikidondoka nyuma ya kochi hakuna atakayejua kimepotea. Mtoto anayetambaa ndiye atakayekiona.

Kuna jambo lingine, risasi ikifungiwa mahali pabaya inaoza. Mbao kama mwaloni na makatoni fulani hutoa mvuke wa asidi, na taratibu chuma kinatoa unga mweupe. Unga huo una risasi, na unapukutika. Sasa fikirieni boksi la namna hiyo limefunguliwa juu ya kapeti.

Kijisanamu kilichopakwa ni habari nyingine. Kimepakwa rangi ya kwanza, ile mafundi wanaita praima, juu yake rangi mbili tatu, juu yake vanishi. Chuma kimefunikwa pande zote. Kimegundishwa kwenye kitako chake, kimo kwenye safu na wenzake, kina nafasi yake kabatini nyuma ya kioo. Akikosekana mmoja, pengo linaonekana kama jino. Sijasema sasa ni salama kukitafuna, hapana. Rangi hubanduka. Lakini kati ya hicho na mfuko wa chuma kitupu chini ya kitanda, najua ninachokitaka nyumbani kwangu.

Kwa hiyo mama, silaha yako ni mpango, siyo pipa la taka. Ukimwambia mume "tupa," atahamishia gereji na kuendelea kununua kimya kimya. Ukimwambia "nionyeshe jeshi litakuwaje na litaisha lini," umeshika usukani. Na kwa wale wanaotaka kutupa kwa vyovyote: vijisanamu vya miaka ya 1980 vinauzwa kwa hela nzuri kwa wanaovitafuta, kwa hiyo utakuwa umetupa pesa, tena risasi haitakiwi kwenye pipa la kawaida. Inapelekwa kituo cha taka cha halmashauri.

Basi tupange. Nitawaeleza tulivyopanga kwetu, maana baba watoto wangu naye yumo. Alifundishwa na mfanyakazi mwenzake wa ghalani, wote wa zamu ya usiku, na siku boksi lake la kwanza lilipofika, mimi ndiye niliyelifungua, na glovu mkononi.

Swali la kwanza tulilojiuliza ni watoto wana umri gani. Tunaye wa miaka sita na wa mwaka na nusu anayetia kila kitu mdomoni. Hilo liliamua jeshi. Watu hudhani jeshi la zamani lazima liwe la chuma. Si kweli. Boksi la toleo la nne, la mwaka 1992, lilikuja na vibwengo na elfu (hao ni wale warefu wenye masikio marefu, msichanganye na namba) vya plastiki. Boksi la 1996 lilikuwa na mashujaa wa farasi na watu mijusi, plastiki tena. Vibwengo vile vya 1992 vyote vimesimama mkao mmoja, na wajuzi wanavidharau, lakini ukivipanga safu nne za watano watano, ukavipaka kofia nyekundu, mbona vinapendeza! Kwa hiyo kwetu askari wa kawaida ni plastiki za zamani. Chuma ni cha viongozi tu: jemadari, mganga, mshika bendera. Wachache, wanahesabika, na wanakaa kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko wa kubana, juu ya kabati la nguo, hadi zamu yao ya kupakwa ifike.

Swali la pili ni ukubwa. Hapa wanaume wanaota. Anachukua kitabu cha 1988, anajumlisha pointi elfu tatu, anapata askari mia na hamsini. Mimi nilichukua karatasi. Askari mmoja akipakwa vizuri lakini bila mbwembwe, kwa wastani ni dakika 45. Askari 60 ni saa 45. Baba ana saa moja na nusu kwa wiki, maana ana zamu, ana watoto, na ana mke. Hizo ni wiki 30. Akianza Septemba, anamaliza karibu na Aprili. Na hao ni 60! Wale 150 wangemfikisha mwaka wa pili, na kabla ya hapo angeshachoka na kununua jeshi lingine.

Tukakubaliana 60. Vikosi viwili vya vibwengo, ishirini ishirini. Kikosi kimoja cha majitu ya kijani, kumi na tano. Viongozi watano. Vibwengo wanasimama kwenye vitako vya milimita 20, kwa hiyo safu ya watano ni sentimita 10. Majitu ni milimita 25, safu ni sentimita 12 na nusu. Nayataja kwa sababu ukijua vipimo unajua jeshi lote linahitaji rafu gani, na kwetu linakaa kwenye rafu moja ya kabati la kioo. Hakuna kununua kingine mpaka rafu ijae. Na saa na nusu yake ina mwenzake: saa na nusu yangu, siku nyingine, mlango umefungwa, hakuna anayeniita mama. Hiyo nayo iandikeni kwenye mpango wenu. Wengi mnaisahau.

SEHEMU YA 4

Mmeuliza kuhusu kupaka kwenyewe, na kama mama naye anaweza. Anaweza sana. Mikono inayotafuta mshipa wa kichanga ikishika brashi inajua kutulia. Kwetu mimi napaka ngao.

Ila kabla ya rangi kuna kusafisha, na hapa ndipo pa hatari kuliko pote. Vijisanamu vya zamani huja na rangi za mtu mwingine, nene kama uji. Wachezaji wa Uingereza wana dawa yao, mtacheka: Dettol. Ile ile ya kahawia ya bafuni kwetu. Wanaloweka bila kuchanganya na maji, siku nzima, kisha wanasugua kwa mswaki wa zamani na rangi inatoka kama matope. Inafanya kazi kweli. Ila ukisuuza na maji mapema inageuka ulimbo unaoganda kila mahali, kwa hiyo wanasuuza kwanza kwa Dettol yenyewe, maji baadaye.

Masharti yangu ni haya. Glovu, maana Dettol isiyochanganywa inaunguza ngozi. Chombo chenye mfuniko wa kubana, kimeandikwa, kimekaa juu ambako mtoto hafiki. Kamwe isiwe chupa ya soda au ya juisi. Nimehudumia watoto waliokunywa vitu kutoka chupa za soda, nyumbani ilikuwa mafuta ya taa, huku ni sabuni na dawa za usafi, na kila mzazi anasema niliiweka dakika mbili tu. Yale matope yana vipande vya rangi ya zamani na pengine risasi, hayamwagwi kwenye sinki la kuoshea vyombo. Mswaki ule usirudi bafuni. Na chuma cha risasi usikiloweke kwenye siki, hata mtandao ukisema nini, siki ni asidi na inaiyeyusha risasi.

Kukwangua mabaki kwa tupa: kijisanamu kiloweshwe ili vumbi lisiruke, chini pawe na gazeti, mtoto awe amelala. Ukimaliza unakunja gazeti na kulitoa nje, unafuta meza kwa kitambaa chenye maji na sabuni. Usifagie, usipulize. Unanawa mikono kabla hujagusa kitasa, na fulana ya kazi haimbebi mtoto. Hakuna chai mezani wakati wa kazi. Baba watoto alinung'unika kuhusu chai. Sasa anakunywa kabla.

Praima ya kupuliza inapulizwa nje ya nyumba, siku isiyo na upepo wala mvua. Kwa hapa Uingereza hiyo ni siku mbili kwa mwezi, kwa hiyo panga nazo. Mjamzito akae mbali na mvuke.

Baada ya hapo ndipo raha. Rangi za siku hizi ni za maji, akriliki, hazinuki. Usipake mmoja mmoja toka mwanzo hadi mwisho, utachoka kwenye wa tatu. Chukua watano. Wote ngozi ya kijani, wote nguo, wote vyuma. Halafu rangi nyepesi ya kahawia, maji maji, ikimbilie kwenye mikunjo na kutengeneza kivuli. Ikikauka, brashi karibu kavu yenye kijani cheupe zaidi ipite juu juu, pua na vifundo vya vidole vitajitokeza vyenyewe. Majitu ya kijani yanasamehe. Ukikosea, ni chunusi.

Tulichagua rangi tatu kwa jeshi zima: nyekundu, njano, na drafti za nyeusi na nyeupe kwenye bendera. Hii ndiyo siri ya majeshi ya zamani yanayopendeza kwenye picha. Kila askari ana sura yake, mmoja kashika kuku, mwingine kavaa sufuria, lakini nyekundu ileile inawaunganisha kama sare ya shule. Na ngao, hapo ndipo mchoraji anajiachia. Miaka ile walipenda kuchora nyuso kwenye ngao, jua lenye meno, mwezi unaokonyeza. Mimi nachora zangu. Moja ina uso wa matroni wangu wa zamani, na hatajua kamwe.

Mtoto wa miaka sita anashiriki. Anapata plastiki zake, brashi yake, rangi za shule, meza yake. Chuma hagusi, na anajua kwa nini, tulimwambia kwa lugha yake: "Hiki kikiingia mdomoni kinaumiza akili." Mtoto anayejua sababu analinda mdogo wake. Siku moja aliona farasi wa chuma kwenye ukingo wa meza akapiga kelele kuliko king'ora.

SEHEMU YA 5

Ya mwisho, maswali.

"Mtoto wangu alishavichezea wiki nzima, nifanyeje?" Usipagawe, na usijilaumu. Mwone daktari wa familia, mweleze hivi hivi, omba kipimo cha damu cha risasi. Ni kipimo cha kawaida, anatolewa damu kidogo. Huku nyuma mpe chakula chenye madini chuma na kalsiamu: maharage, mchicha na limao, nyama kidogo, dagaa wa kutafuna na mifupa yake, maziwa. Mtoto aliyeshiba vizuri anafyonza risasi kidogo kuliko mwenye njaa. Haya si badala ya kipimo.

"Mume wangu anasema namnyima starehe." Mwambie mimi nimesema abaki nayo. Naona wanaume wa kwetu huku, wanatoka zamu saa kumi na mbili asubuhi, hawana baraza wala kijiwe, hawana wa kupiga naye soga. Mwingine anaishia kwenye chupa, mwingine kwenye kubeti. Huyu wako yuko mezani anachora kofia ya kibwengo, na Alhamisi anaenda kucheza na wenzake kwenye ukumbi, anarudi anacheka. Mimi nikiwa na uchaguzi, nachagua kibwengo. Lakini starehe yenye risasi ina masharti, kama pikipiki ilivyo na kofia ngumu.

"Supa gluu imemgandisha mtoto vidole." Usivute. Maji ya uvuguvugu yenye sabuni, pole pole, inaachia. Ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi na nenda hospitali, usijaribu kufungua kope kwa nguvu.

"Nina mimba ya miezi minne na nimekuwa nikimsaidia kukwangua." Acha leo, mwambie mkunga wako kwenye miadi ijayo au mpigie kabla, akuandikie kipimo. Plastiki na rangi za maji unaweza kuendelea nazo, dirisha likiwa wazi.

"Viliyopakwa tayari nikivinunua eBay?" Tazama picha vizuri. Rangi ikiwa imebanduka kwenye pua, panga na kingo za vitako, ni kama havijapakwa. Vikifika, viguse na glovu, vifutwe kwa kitambaa chenye maji, vipigwe vanishi upya kabla havijaingia kabatini. Na kabati liwe na kitasa cha kufunga. Mtoto wangu wa pili amejifunza kufungua milango ya sumaku akiwa na miezi kumi na sita, kwa hiyo kwetu tumeweka kufuli ndogo, na ufunguo uko juu ya friji.

Kwa wanaouliza jeshi letu limefika wapi: vikosi vyote viwili vya vibwengo vimekamilika, majitu ya kijani wamebaki saba, na viongozi bado wako kwenye boksi lao juu ya kabati la nguo. Mganga ana fimbo yenye fuvu la ndege na nimeshamchagulia rangi ya joho, njano. Baba watoto anataka nyeusi. Tunaendelea kujadiliana.